Vumbi Kwenye Mishono

Sindano alikuwa mjane wa mtu aliye hai, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko wajane wengi wa marehemu halisi. Alivaa nguo nyeusi siku za kumbukumbu, alikaa mbele kwenye mikutano ya kikundi, na jina la mumewe likitajwa aliinamisha kichwa kwa kipimo kilekile, si zaidi si pungufu. Jina la Sindano alibandikwa na wenzake kwa ajili ya wembamba wake na ukali wa ulimi wake. Kwamba alikuwa pia fundi wa kushona, hilo walilikumbuka baadaye.

Yote yalianza asubuhi ile ukuta wa mawe ulipoporomoka machimboni. Sindano aliamka akakuta misumari mitupu. Mumewe alikuwa na mazoea ya kutundika nguo zake zote ukutani, mashati, suruali, koti la mvua, mpaka chumba kikaonekana kimejaa wanaume. Asubuhi hiyo ukuta ulikuwa mweupe kama kichwa kilichonyolewa. Viatu havipo. Begi halipo. Hata kipande cha sabuni kilikuwa kimeondoka, na mtu anayekwenda kuvunja mawe habebi sabuni ya mkewe. Sindano akavaa ndala akashuka machimboni na hasira zake, njia nzima anapanga maneno atakayompa msimamizi wa mumewe, mbele ya wanaume wote, mpaka aseme bwana huyo amekwenda wapi.

Maneno hayakutoka. Alikuta vumbi limesimama hewani, wanawake wanakimbia ovyo, wengine wanachimbua mawe kwa mikono. Jirani yake, yule waliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi, akamdaka, akavua kitambaa chake akamfunika nacho kichwani. "Lia, shoga yangu. Lia tu."

Sindano akalia. Alilia kwa haki zote. Aliyeachwa alfajiri ana kila sababu ya kulia kabla jua halijapanda. Tatizo ni kwamba alilia kwenye msiba usio wake. Alipopata nafasi ya kueleza alikuwa ameshakalishwa mkekani, huyu kamshika bega, yule anamlazimisha anywe uji, na jina la mumewe limeshatajwa pamoja na waliofunikwa. Wengi wa waliofunikwa hawakutolewa kamwe. Upande ule wa machimbo ulifungwa, maji yakajaa, na nani angezamia kwenda kuhakikisha?

Alijiambia atasema kesho. Kesho ikazaa miaka.

Tusimwonee. Mke aliyekimbiwa huchekwa kisimani. Mjane hutekewa maji. Sindano hakujaliwa mtoto, ndugu zake wa tumbo moja walikuwa wameshatangulia, na nyumbani alikuwa na mama mkwe tu, kikongwe aliyebaki mikononi mwake kama chombo alichokisahau mwenyewe. Mahali pake duniani palikuwa kwenye benchi la kikundi cha wajane wa machimbo, kati ya Redio na ukuta. Akiondolewa pale, hapakuwa na pengine. Na kila alipoona aibu ya uongo wake, alijitetea kwa jambo moja: kwamba alikuwa anamsitiri yule bibi. Mama gani angependa kusikia kwamba mwanawe hakufa kazini, bali alifunga begi akatoroka kama mpangaji?

Siku moja afisa wa maendeleo, waliyemwita Bi Maendeleo, akaja kwenye chumba cha kikundi. Zamani kilikuwa stoo ya saruji, na mpaka leo ukipiga chafya unaondoka na uso wa kijivu. Alileta habari ya mashindano ya vikundi vya wanawake wa vijijini: kazi ya mikono, maandishi na historia ya mahali, vyote kwa pamoja.

"Ila nawaomba, jamani," alisema, "msituletee vikapu. Vikapu vimetujaa mpaka ofisini hatuna pa kukaa."

"Historia yetu iko chini ya mawe," alisema Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mpana, mpole wa sauti, ambaye hata wanawe walimwita Mwenyekiti.

"Basi itoeni," alisema Bi Maendeleo, asijue amesema nini.

Wakakubaliana kushona blanketi la viraka. Kila mume awe na kiraka kimoja, kilichokatwa kwenye shati lake la kazi, jina limedariziwa juu yake. Mwenyekiti, aliyesoma kidogo kuliko alivyotaka na zaidi ya wenzake, akapewa maandishi. Wakaweka na sharti lao: mtu asishone kiraka chake mwenyewe. Walishajaribu, mikono ikatetemeka, kitambaa kikajikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Kila mmoja angemshonea mwenzake.

Shati la kwanza kufumuliwa lilikuwa la mume wa Mwenyekiti. Lilikuwa limefuliwa na kufuliwa tena, limekunjwa sandukuni miaka yote hiyo. Redio alitanguliza gazeti mezani, akapitisha wembe kwenye mshono wa ubavuni, na mshono ulipofunguka likamwagika vumbi. Lilikuwa laini, la manjano iliyopauka, limejificha ndani ya mshono ambako maji na sabuni havikuwahi kufika. Mwenyekiti akachovya kidole, akakiweka ulimini, akakaa hivyo kwa muda.

"Ndiye," alisema.

Tangu siku hiyo hakuna shati lililofumuliwa faragha. Yalifumuliwa pale mezani, mbele ya wote. Vumbi la kila mtu lilikusanywa likafungwa kwenye kijifuko cha kitambaa na kushonwa nyuma ya kiraka chake. Hilo halikuwemo kwenye masharti ya mashindano. Lakini wanawake ambao hawakupata hata mfupa wa kuzika, ungewaambia nini?

"Wiki ijayo zamu yako, Sindano," alisema Redio akikung'uta mikono. "Nitakushonea mimi. Mumeo alikuwa na mabega, kiraka chake kitakuwa shuka."

Sindano akacheka pamoja nao. Hakuwa na hata kifungo cha yule bwana.

Akaenda sokoni kwa muuza mitumba, kijana mwenye maneno kama mvua.

"Shati la kazi, dada? La nani? Saizi gani?"

"La mtu mrefu, mabega mapana."

"Mwenyewe aje ajaribu basi, nisije nikalaumiwa."

"Ni marehemu."

Kijana akamtazama, akakuna kichwa. "Hapo chukua lolote. Marehemu hawarudishi mzigo."

Sindano akacheka mpaka akaona haya. Akachagua lililochakaa, la mistari. Wakati wa kurudi akapitia kwenye mashine ya kusaga mawe kando ya barabara, akazoa kopo la vumbi. Mlinzi akamuuliza kama anakwenda kusongea ugali. Akamjibu ndiyo, karibu chakula cha mchana.

Alikuwa uani anapondaponda lile shati juu ya jiwe ili lizeeke, kivuli kikaangukia beseni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Hilo la nani?"

"La mwanao, mama. Naliandalia mashindano."

Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini si ukungu wa kiasi hicho. "Mwanangu hakuwahi kuvaa mistari. Alikuwa anasema mistari ni ya wafungwa."

Sindano akaendelea kuponda, maana mkono ukisimama mdomo ungelazimika kufanya kazi. Bibi akageuka akaingia ndani. Sanduku likasikika likivutwa sakafuni. Aliporudi alikuwa na shati la buluu lililokunjwa vizuri, akalishika mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Mshone huyu," alisema. "Hilo lako halina jasho lake."

Sindano akafuta mikono, akalipokea. Hakuwa amewahi kuliona. Akalikunjua, na macho ya ufundi yakaenda yenyewe kwenye kola. Kola ilikuwa imegeuzwa. Ilipochakaa shingoni, mtu aliifumua, akaupeleka chini upande uliolika, akaleta juu upande mzima, akaishona upya ili mwenye shati atembee kifua mbele. Hiyo si kazi ya fundi wa dukani; fundi angepitisha cherehani. Hii ilikuwa ya mkono, mishono midogo, sawasawa, ya mtu aliyekaa mlangoni kwake bila haraka. Mkono mzuri. Sindano aliusifu moyoni kabla hajakumbuka kuuchukia.

"Mama, kola hii sikuigeuza mimi."

"Najua."

"Wala si wewe. Uzi wenyewe huuoni."

"Najua, mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa," alisema bibi. Kisha, kwa kuwa neno hilo lilishatumika sana katika nyumba ile, akaongeza: "Safari hii amekufa kweli."

Akakaa kizingitini, akasema kila kitu bila kupandisha sauti. Alfajiri ile mwanawe alimwamsha kumuaga. Mji wa mbali, mwanamke mwingine. Habari za machimbo zilipofika, bibi alipiga yowe pamoja na kijiji kizima, kwa kuwa asiyepiga yowe angeulizwa. Zile safari zake za kwenda kumtazama dada yake mgonjwa, dada hakuwepo. Kulikuwa na mwanawe, na wajukuu, wa kike na wa kiume.

"Zile karanga nilizokuwa nakufungia," alisema Sindano taratibu. "Za dada yako."

"Watoto walizipenda sana."

"Na ile homa ya mwaka jana? Niliyokuogesha na kukulisha kijiko kwa kijiko?"

"Haikuwa homa. Nilikuwa nimetoka kumzika."

Kuku wa jirani akapita kati yao, akaona hapana cha kudonoa, akaenda zake.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Miaka yote hiyo."

Bibi akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha kwenda chini. "Ungeondoka. Nani angenipikia?"

Sindano akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama sufuria iliyodondoka sakafuni. "Na mimi nilikuwa nakuficha wewe! Nilikuwa nasema, bibi wa watu atakufa kwa aibu."

Bibi hakucheka. "Kule nilikuwa mgeni," alisema. "Walimshika mabega mkewe, mimi nikakaa nyuma na viatu vya watu. Nikarudi hapa, siwezi kutoa hata mguno, kwa kuwa hapa alishaliliwa zamani. Nimemzaa mimi, na sina mahali pa kumlilia. Watamtaja ukumbini siku ya mashindano, si ndiyo? Watamtaja kwa jina lake?"

"Watamtaja."

"Basi mshone yeye mwenyewe. Nitaomba gari, nitakuja kusikia."

Sindano angeweza kukataa. Lile la mistari lilikuwa pale kwenye beseni, linachuja rangi, salama salimini. Lakini alipokaa peke yake chumbani na shati la buluu magotini, wazo likamjia likiwa limevaa vizuri kama mgeni wa heshima: sasa mimi ni mjane kwelikweli. Si uongo tena. Ni tarehe tu iliyokosewa. Na mtu atanyang'anywa benchi kwa kosa la tarehe?

Akatia wembe kwenye mishono, akafungua kidogo kila upande, akajaza vumbi kwa ncha ya kijiko, akaziba tena kwa mishono iliyofanana na ile ya kwanza. Alifanya kazi safi. Hata yule mwanamke wa kola asingegundua.

Zamu yake ilipofika, chumba kilijaa. Redio akatandika gazeti, akalinusa shati akifanya mzaha, "Mh! Hata machimboni mtu wako alikuwa anajipenda," wenzake wakacheka, akapitisha wembe.

Vumbi likamwagika. Likafanya kichuguu kidogo juu ya gazeti, na hapo wote wakaliona.

Lilikuwa la kijivu.

Mezani vilikuwepo vifuko vya waume wengine vikisubiri kushonwa. Mwenyekiti akafungua kimoja, akamimina kidogo kando. Manjano iliyopauka, na kijivu, ubavu kwa ubavu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Machimbo ya zamani yalikuwa ya jiwe la manjano. Wanawake hao walilifua kwenye nguo miaka nenda rudi, likawaganda kucha, likatua kwenye maji ya kunywa. Jiwe la kijivu lilitoka ng'ambo ya kilima, machimbo mapya, yaliyofunguliwa baada ya maafa. Sindano naye alilifua jiwe la manjano kama wao. Lakini alipokwenda kutafuta vumbi alifikiria vumbi tu, akaliokota pale linapookoteka.

"Labda limeingia moshi," alisema Redio haraka. "Sandukuni, mtu akiweka karibu na jiko..."

"Moshi hauingii ndani ya mshono," alisema Mwenyekiti. "Sindano. Hili ni la mashine ya barabarani."

Angeweza kutunga lingine. Ulimi aliokuwa nao ungetosha kuwazungusha mpaka jioni. Lakini aliona kidole cha Mwenyekiti, kilekile alichokiweka ulimini, kinavyoyatenga mavumbi mawili yasichanganyike, na ulimi ukamfia kinywani.

"Hakuwa machimboni," alisema. "Aliniacha alfajiri ile. Amekufa mwaka jana, kitandani, mbali. Shati ni lake. Vumbi si lake."

Mjane aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliyeolewa na kufiwa kabla hajazoea kuitwa mke wa mtu, akauliza: "Kwa hiyo tulipokuwa tunachimbua kwa mikono, wewe ulijua wako hayumo?"

"Nilijua."

"Na ulichimbua."

"Niliponyanyuka mkekani, nilichimbua. Nilichimbua wa kwenu."

Pengine hapo ndipo wangeweza kumsamehe. Mmoja wao alianza kutikisa kichwa kwa upole. Lakini Redio alikuwa bado ameshika wembe, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alizungumza kwa sauti ya chini.

"Wangu alikuwa mle. Watu wanasema walisikia sauti mpaka adhuhuri. Mimi sikusikia. Mimi nilikuwa mkekani, nimekushika wewe mabega."

Akaweka wembe mezani, akatoka nje.

Mwenyekiti akakunja vipande vya shati pamoja na gazeti na vumbi lake la kijivu, akafunga vizuri, akamkabidhi Sindano. "Mstari wa kwanza wa maandishi unasema haya ni ya kweli," alisema. "Niliuandika mimi. Kaa nyumbani kwanza."

"Mpaka lini, Mwenyekiti?"

"Kwanza."

Sindano akaenda nyumbani na furushi lake. Bibi alikuwa anamngoja mlangoni. "Wamempokea?"

"Wanashona, mama," alisema Sindano, akasukuma furushi chini ya kitanda.

Aliendelea kusema wanashona. Alisikia kutoka kwa wapita njia kwamba blanketi limekamilika, limependeza, na kwamba kwenye pengo lake wameweka kitambaa kitupu. Redio ndiye aliyekishona. Kisimani wanawake walimpisha ateke maji kwanza, wakasimama mbali mpaka amalize. Hakuna aliyemtukana. Angepewa tusi moja tu angelijibu, na kwenye kujibizana pengine pangepatikana njia ya kurudi.

Siku ya mashindano, bibi aliamka mapema, akaomba maji ya kuoga, akavaa gauni lake la heshima, akafunga kilemba, akakaa kitini ameshika fimbo.

"Gari linapita saa ngapi?"

Sindano akapiga magoti, akavuta furushi uvunguni, akaliweka mapajani mwa bibi. Bibi akalipapasa, akalifungua, akashika mkono wa shati, kisha mgongo, kisha kola peke yake, imetenganishwa na mwili. Vumbi la kijivu likamwagikia gauni.

"Hawatamtaja," alisema Sindano. "Nimewaambia ukweli."

Kwa muda bibi alikuwa anajaribu kuvipanga vile vipande viwe shati tena, vya kushoto kushoto, vya kulia kulia. Aliposhindwa, akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa sauti yote aliyoibana mwaka mzima, jua limewaka, milango ya jirani iko wazi.

Watu wakatokeza, kama watokezavyo watu wakisikia msiba. Mama wa nyumba ya pili akaja mpaka kwenye ua, mikono ina povu la sabuni.

"Nani tena?"

"Mume wangu," alisema Sindano.

"Mumeo si alishakufa?" Akangoja maelezo, hayakuja. Akakung'uta povu, akarudi kwenye kufua kwake. Wengine nao wakarudi mmoja mmoja. Waliokuwa wameshashika kuni za kuleta wakaziweka chini.

Sindano akatoa mkeka, akautandika mbele ya mlango, akamshusha bibi kutoka kitini akamkalisha, naye akakaa ubavuni kwake. Machozi hakuwa nayo. Ya mtu huyu alishayatoa yote ile mara ya kwanza. Akakaa tu, kwa kuwa mfiwa hakai peke yake.

Lori likaja. Lilisikika kabla halijaonekana, wanawake wanaimba nyuma, na blanketi limetandazwa ubavuni lionekane na kila mtu, viraka vya kahawia, vya kijani, vya kaki, na majina yamedariziwa kwa uzi mweusi. Dereva alikuwa mgeni. Alipoona mkeka mlangoni na wanawake wawili juu yake, mmoja analia, alipunguza mwendo kama afanyavyo dereva yeyote mwenye adabu. Wimbo ukakatika. Kwa kitambo kikasikika kilio cha bibi peke yake na injini inayonguruma polepole, na nyuso zote zilizokuwa juu zikatazama chini. Sindano alimwona Redio, amejibana pembeni, mdomo umefunguka kidogo.

Kisha mtu akagonga bodi. Lori likachukua mwendo, likapinda kona, na wimbo ukaendelea kutoka palepale ulipokatikia.

Bibi akapangusa pua kwa kipande cha shati. "Nani hao?"

"Wapita njia, mama."

"Wamesimama?"

"Wamepunguza mwendo," alisema Sindano.